Mfumo wa duka: klaudi au seva yako mwenyewe? Anzia kaunta

Kila nikienda kufunga mfumo kwenye duka la mtu lazima swali hili litoke, "sasa fundi, niende klaudi au ninunue seva nikae nayo mwenyewe?", na mimi badala ya kujibu huwa nauliza, Jumamosi saa moja usiku foleni imefika mlangoni, mtandao umekata, kashia wako anafanya nini? Wengi wanacheka kwanza. Halafu wanasema tunaandika kwenye daftari, kesho tunaingiza. Ukiuliza hiyo kesho huwa inafika kweli, anacheka tena, maana anajua karatasi tatu za mwezi uliopita bado zimekunjwa chini ya droo ya pesa.

Naandika kwa wenye minimarketi, vipodozi, hadwea, spea, famasi, duka moja mpaka matano hivi, hapa Tanzania, ingawa wa Kenya na Uganda wataona mengi yanafanana. Supamaketi kubwa zina watu wao wa IT, hao wasinisikilize.

Tuelewane maneno kwanza. Klaudi maana yake programu na data zako zinakaa kwenye kompyuta za mtu mwingine, mara nyingi nje ya nchi, wewe unaingia kwa intaneti na unalipa kila mwezi. Seva ya dukani ni lile boksi lililoko stoo au chini ya meza ya bosi, umelinunua, ni lako, kompyuta za kaunta zinaongea nalo kwa waya, na likifa limefia kwako. Halafu kuna ya katikati, kaunta inauza na kusevu hapohapo kwenye kompyuta au tableti yake, mtandao ukiwepo inasinki juu, yaani inapandisha mauzo yote klaudi. Msimamo wangu nausema mapema: kuuza kufanyike palepale bila kumsubiri mtu, nakala ya kila kitu iende mbali. Ukishika hilo, swali la klaudi au seva linapungua ukubwa sana, linabaki kuwa la hela na la nani atakayeitunza.

Hatua ya 1: Kaa kaunta siku nzima, na usikae siku ya biashara mbaya

Chagua Jumamosi au tarehe za mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Kaa nyuma ya kashia, usimsaidie, angalia tu. Mteja anaweka vitu, skana inalia, pale kwenye mafuta ya kula ya lita tano barkodi imekwaruzika kwa hiyo anaandika jina, mfumo unatafuta, ile duara inazunguka. Mteja analipa kwa lipa namba, wote wawili wanasubiri meseji, meseji haiji, mteja anageuza simu aonyeshe "mimi imeshakatwa kwangu hapa". Kisha risiti ya EFD, ile ya kodi ya TRA, na kwenye maduka mengi mashine ya EFD iko pembeni, kwa hiyo kashia anaingiza mauzo mara mbili, mara ya kwanza kwenye mfumo na mara ya pili kwenye mashine.

Andika kila sehemu mtu aliposubiri, na alikuwa anasubiri nini. Utashangaa. Mara nyingi mfumo wenyewe hauna shida, shida ni printa ya risiti inayokwama au bei ambazo hazijaingizwa, na hizo hata ukihamia seva ya milioni kumi zitakufuata tu.

Hatua ya 2: Pima mtandao na umeme wiki mbili, vitenganishe

Bandika karatasi kaunta, mistari mitatu: saa kilipokata, saa kiliporudi, ni umeme au ni mtandao. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Kuna duka moja nililoitwa nibadilishe mfumo wote kwa sababu "klaudi inasumbua", tukaweka karatasi, zile wiki mbili ilikata mara kumi na nne, na kati ya hizo kumi na moja intaneti ilikuwepo mtaani kama kawaida, ila rauta ilizimika kwa sababu umeme umekatika na rauta haikuwa kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, kompyuta yenyewe ilikuwa kwenye UPS! Tukahamisha plagi. Nikamdai hela ya nauli tu.

Kasi usiihangaikie sana. Mauzo moja ya vitu kumi ni data kidogo mno, kilobaiti chache, hata laini ya simu ya kawaida inabeba. Unachotafuta ni mtandao usiokatika, na ukikatika urudi haraka. Rauta yenye laini mbili za kampuni mbili tofauti inatatua sehemu kubwa, mnara wa mmoja ukilala mwingine upo.

Ila laini mbili hazikuokoi na kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kule upande wa Afrika Kusini na Tanzania tulikuwa kati ya walioumia zaidi, kampuni zote ziliyumba kwa pamoja maana zilikuwa zinapita njia hizohizo. Na Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi tarehe 29, intaneti ilizimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye mfumo unaohitaji intaneti ili tu ufunguke alikuwa na kompyuta nzuri ya kuangalia saa. Matukio kama hayo hayaji kila mwezi ni kweli, lakini duka linalouza chakula na dawa haliwezi kusema litafungua nyaya zikishatengenezwa.

Kingine cha kujua, klaudi kubwa tunazotumia huku hazina vituo Dar. Za karibu ziko Afrika Kusini, AWS ya Amazon wako Cape Town tangu 2020, Microsoft wana Johannesburg tangu 2019, Google nao Johannesburg tangu 2024, na programu nyingi za bei rahisi data yake iko Ulaya au Marekani kabisa. Muulize muuzaji wako data inakaa nchi gani, asipojua hapo umeshajifunza kitu kuhusu yeye.

Hatua ya 3: Gawa kazi, usichague kitu kimoja kwa duka zima

Watu wanadhani ni ama hiki ama kile. Hapana. Andika kazi za duka halafu kila moja uiulize, mtandao ukikata masaa sita hii inaweza kusubiri?

Kuuza na kutoa risiti, haisubiri. Hiyo ibaki kaunta.

Ripoti za bosi, stoku za matawi, bei kubadilishwa kutoka ofisini, hizo zinasubiri na hizo ndizo klaudi inazifanya vizuri kuliko kitu chochote. Bosi wa Kariakoo yuko Guangzhou anachagua mzigo, anataka kujua vitenge vile vya mwezi uliopita vimebaki pisi ngapi kabla hajalipa, sasa kama data iko kwenye boksi chini ya meza dukani atapiga simu, kijana atahesabu kwa macho, atapiga picha daftari atume WhatsApp, na bosi atanunua tena kitu kilichojaa stoo. Hii nimeiona zaidi ya mara moja. Ukiwa na matawi mawili na kuendelea klaudi inajilipa yenyewe kwa hili peke yake.

Mahesabu, kama mhasibu wako anatumia Tally, ile programu ya mahesabu, kwenye laptopu yake muache, usimhamishe kwa sababu tu umehama wewe. Chukua mauzo ya mwezi kwa Excel umpe.

Kamera sasa. Kuna wauzaji wanakushawishi video nazo ziende klaudi. Piga hesabu. Kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde ikirekodi saa 24 inatoa kama GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86 na kitu, kila siku, kupandisha. Bando gani hilo? Diski ya TB 1 pale dukani inakubeba siku kumi na moja, inatosha kuona nani alichukua boksi la maziwa. Kamera zibaki dukani, ila rekoda ifungiwe sehemu ambayo mwizi haioni, maana wakija usiku wanaanza nayo.

Hatua ya 4: Hela, na uzipigie miaka mitano

Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme klaudi ni 60,000 kwa mwezi kwa kila kaunta, una kaunta mbili, 120,000. Mwaka 1,440,000. Miaka mitano 7,200,000. Watu wakiona hiyo wanaruka, "bora seva!"

Haya, seva. Kompyuta nzuri kidogo 1,800,000, leseni ya programu 1,500,000, UPS 350,000, diski mbili za nje za bakapu 300,000, betri za UPS utabadilisha mara mbili tuseme 160,000 zote, na fundi wa kupita na kupokea simu, hata 50,000 tu kwa mwezi, miaka mitano inakuwa 3,000,000. Jumla 7,110,000. Tofauti ni elfu tisini, hela ya soda za wageni! Kitu kinachofanya seva ionekane rahisi ni kwamba watu hawamuhesabu fundi, wanasema "tutampigia tukipata shida", na siku ya shida fundi yuko Morogoro msibani.

Tofauti ya kweli iko kwenye mtiririko. Seva inakula hela kubwa siku ya kwanza, klaudi inakunyonya kidogokidogo na haiachi, mwezi wa biashara mbaya nao unalipa. Na angalia bei iko kwa shilingi au dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Mfumo wa dola 40 ukapanda kutoka 92,000 hadi 104,000 na zaidi bila muuzaji kugusa bei yake. Ukipata wa hapa nyumbani anayetoza shilingi, na programu yake imefaulu mtihani unaofuata hapa chini, mpe kipaumbele.

Hatua ya 5: Mtihani wa kuchomoa waya

Hii ndiyo hatua ambayo ukiruka zingine zote usiiruke. Muuzaji wa mfumo akija anakuja na laptopu yake, mtandao wake wa simu, anakuonyesha kila kitu kinapaa. Mwambie asante, sasa njoo dukani kwangu, na uje saa za kazi. Akishafunga, fanya haya ukiwa naye hapohapo:

Uza vitu vitano mtandao ukiwepo. Kisha chomoa waya wa rauta, usiseme kitu. Mwambie kashia aendelee, auze vitu ishirini, vingine kwa skana, vingine kwa kutafuta jina. Mwambie arudishe bidhaa moja ya mteja. Atoe risiti. Mpaka hapa mifumo mingi inayojiita "inafanya kazi bila mtandao" inapita.

Sasa zima kompyuta, uiwashe tena, bado rauta imechomolewa. Hapa ndipo inapoanguka, maana kuingia kwenye akaunti kunahitaji intaneti. Programu inayokaa kwenye brauza inaweza kuuza vizuri kabisa mtandao ukiwa umekatika, ila kashia akirefresh ukurasa kwa bahati mbaya basi, skrini nyeupe. Na huku kwetu umeme na mtandao vinakatika pamoja, kwa hiyo kuwasha kompyuta bila intaneti ni mambo ya kila wiki. Kuna siku muuzaji mmoja aliniambia mbele ya mteja wangu, "lakini bro nani anazima kompyuta katikati ya kazi?" Nikamuonyesha mita ya Luku ukutani, imebaki yuniti nne.

Ikipita hapo, kama una kaunta mbili, uza kitu kilekile cha mwisho kwenye kaunta zote mbili zikiwa hazionani. Kisha rudisha waya, subiri, hesabu. Mauzo yote yamepanda? Hakuna iliyopanda mara mbili? Ile bidhaa ya mwisho iliyouzwa mara mbili inaonyesha hasi moja au imefichwa kimyakimya? Hasi ni nzuri, inakuambia ukweli. Mfumo unaojifanya stoku ni sifuri wakati umeuza hewa, huo utakutesa siku ya kuhesabu stoo.

Na risiti za TRA ziulizie palepale. Kama unatumia VFD, ambayo risiti inatoka kwenye programu badala ya ile mashine, muulize mtandao ukikata risiti zinakaaje, zinapanga foleni zikatumwa baadaye au kashia anakwama, na akuonyeshe kwa macho, usikubali maelezo ya mdomo. Kwa wa Kenya na eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa KRA, swali ni hilohilo. Mfumo wowote usiojibu hapa, wa klaudi au wa seva, hauna maana, faini utalipa wewe na sio aliyekuuzia.

Seva nayo ina mtihani wake, usidhani imepona. Chomoa waya unaotoka kwenye seva kwenda kaunta. Kaunta zote zimekufa? Basi ile seva ni kama klaudi tu iliyoko chumba cha pili, ikizima na wewe umezima. Hapo muulize kama kaunta inaweza kuuza peke yake mpaka seva irudi.

Hatua ya 6: Kama umechagua seva, iweke mahali pa mashine

Nikiri kosa langu. Miaka ya mwanzo niliweka seva ya minimarketi moja stoo, juu ya rafu, chini yake magunia ya sembe na unga wa ngano. Nilijisifu kabisa, iko juu, haifikiki na maji, haifikiki na panya. Baada ya miezi saba hivi duka linanipigia, mfumo mzito asubuhi, mchana unazima wenyewe. Nikafungua kasha, feni imevaa shati jeupe. Unga! Kila gunia linapopigwa chini vumbi linapanda, feni inavuta, unyevunyevu wa Dar unalikandia humo ndani, ilikuwa karibu chapati. Tangu siku hiyo kabla sijaweka seva nauliza kwanza stoo inakaa nini.

Kwa hiyo iwe mbali na unga na saruji, mbali na maji ya friji, inapopita hewa, iwe na kufuli, na kashia asiijue paswedi ya msimamizi. Hii ya mwisho naikazia. Kwenye seva ya dukani anayejua paswedi anaweza kufuta mauzo na historia ya kufuta pamoja. Klaudi iliyotengenezwa vizuri hata bosi mwenyewe akifuta inabaki alama, na hili kwa kweli ni moja ya sababu nawapeleka klaudi wenye maduka wasiokaa dukani.

UPS, usidanganyike na maandishi ya kwenye boksi. Ile ndogo ya 650VA ndani kwa kawaida ina betri moja ya volti 12, 7Ah. Zidisha, ni wati-saa 84, na hizo zote hupati. Kompyuta ndogo, skrini na rauta vikila wati 60 au 70 pamoja, hesabu dakika ishirini mpaka thelathini betri ikiwa mpya, baada ya mwaka na nusu hesabu dakika za kuzima kistaarabu tu. Umeme wa kwenu ukikatika masaa manne unahitaji inveta na betri kubwa, au laptopu na tableti kaunta, ambazo zina betri yake na zinakula kidogo. Rauta peke yake kwenye UPS yake peke yake inadumu masaa, hiyo nafuu usiiache. Printa ya risiti nayo ipe plagi yenye UPS, wengi wanaisahau halafu wanauza gizani bila karatasi.

Na kompyuta za mtumba, angalia Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukinunua mashine isiyokubali 11 unaanza na deni. Programu nazo zinakufa. QuickBooks Desktop Point of Sale ilisitishwa rasmi na wenyewe Intuit tarehe 3 Oktoba 2023, watu wenye leseni walizozilipia wakabaki na kitu kisicho na huduma. Kwa hiyo ule msemo wa "seva nimeinunua ni yangu milele" una mipaka yake.

Hatua ya 7: Bakapu, hata ukiwa klaudi

Duka moja walikuwa na bakapu kila usiku, safi, saa sita inajiandika yenyewe kwenye flashi. Flashi imechomekwa wapi? Nyuma ya seva hiyohiyo, haijawahi kutolewa tangu nifike. Umeme ukarudi kwa fujo siku moja, seva ikaungua na flashi ikaungua. Miaka miwili ya madeni ya wateja ikaenda na moshi, ikabidi bosi awapigie wadaiwa mmoja mmoja, na fikiria mwenyewe wangapi walikumbuka deni lao lote.

Ninavyofanya mimi: diski mbili, moja dukani, moja nyumbani kwa bosi, zinabadilishana kila Jumatatu, na iliyo dukani inachomolewa bakapu ikiisha, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vinafunga na diski iliyochomekwa. Juu ya hapo, nakala moja ya kila usiku inapanda klaudi. Ni ndogo, data ya duka la kawaida ya miaka kadhaa inaingia kwenye flashi moja. Na mara moja kwa miezi mitatu irudishe hiyo bakapu kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka, bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Kwa nini mbali? Tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua usiku. Aliyekuwa na hesabu zake mle ndani kwenye karatasi au kwenye kompyuta, vyote ni majivu sawa. Wenye klaudi msicheke, mwaka huohuo tarehe 10 Machi kituo cha kampuni ya klaudi ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua na wapo wateja waliopoteza data moja kwa moja maana hata nakala zao zilikuwa palepale. Klaudi nayo ni jengo mahali fulani. Kwa hiyo ukiwa klaudi, kila mwisho wa mwezi daunlodi bidhaa, stoku, madeni na mauzo kwa Excel uweke kwako. Dakika kumi. TRA wanataka kumbukumbu za miaka mitano, na jibu la "zilikuwa kwenye mfumo ambao tumeacha kulipia" sijui utalisema kwa uso gani.

Hatua ya 8: Kabla ya kusaini

Maswali machache, yajibiwe kwa maandishi. Nikichelewa kulipa siku tano mnanifungia kuuza au mnanifungia ripoti tu? (Kuna mtu alifungiwa Ijumaa mchana, muuzaji hapokei simu mpaka Jumatatu.) Nikiondoka napata data yangu yote kwa muundo upi, na kwa siku ngapi? Nani kwenu anaweza kuingia kwenye mfumo wangu akiwa mbali? Hili la mwisho sio la kishamba. Julai 2021 maduka ya Coop kule Sweden, kama 800 hivi, yalifungwa kwa sababu kaunta hazifanyi kazi, na waliovamiwa hawakuwa Coop wenyewe, virusi vilipita kwenye programu ya Kaseya iliyokuwa inatumiwa na waliokuwa wanawahudumia kaunta zao. Fundi wako naye anaingia kwako kutoka mbali, je mnajua paswedi yake ni ipi? Kama ni 123456 mpigie sasa hivi, hata kama ni mimi.

Akaunti kuu iandikishwe kwa barua pepe ya duka na laini ya simu ya bosi. Isiwe ya kijana wa kaunta. Nimeshapanda daladala mpaka Gongo la Mboto kumtafuta kijana aliyeacha kazi ili tu asome namba za kuthibitisha zilizoingia kwenye simu yake, na alitaka elfu ishirini.

Ukiweka majina na namba za wateja, kwa pointi au kwa mikopo, ujue Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na ina masharti ya kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Ile namba ya simu ya mama mwenye deni ikikaa kwenye kompyuta ya Ulaya imetoka nje ya nchi tayari. Kusanya unachokihitaji tu, na kama hutumii tarehe za kuzaliwa za wateja usiziulize.

Hatua ya 9: Kuchagua sasa, na kuhama

Duka moja, bosi yupo kila siku, mtandao mbovu kweli kwa ile karatasi ya wiki mbili, na una fundi wa karibu anayepokea simu: seva au hata kompyuta moja tu yenye kila kitu, pamoja na bakapu ya klaudi. Duka moja dogo la mtaani la kaunta moja, usinunue seva jamani, tableti yenye programu inayouza bila mtandao inakutosha na utalala vizuri. Matawi mawili na zaidi, au bosi anayesafiri: klaudi yenye kaunta zinazojitegemea, bila kuzunguka. Famasi ninawapeleka hukohuko, tarehe za dawa kuisha muda zinafuatiliwa vizuri zaidi zikiwa sehemu moja.

Usihame Desemba, usihame wiki ya Idi wala wiki shule zinapofunguliwa. Mwisho wa Januari ni pazuri, biashara imelala. Safisha orodha kwanza, utakuta "Azam maji", "maji azam kubwa" na "Maji Azam 1.5" ni kitu kimoja kimeandikwa mara tatu, ukihamisha takataka unakuwa na takataka mpya kwa bei ya mwezi. Hesabu stoo siku mlipofunga, usiku, watu wawili wawili, mmoja anasoma mwingine anaandika, na namba hizo ndizo ziingie, sio zile za mfumo wa zamani. Kashia wafundishwe siku tatu kabla kwa vitu vya kweli vya dukani, na mchomolee rauta akiwa katikati ya mauzo ili siku ikitokea asiite mtu.

Wiki mbili za mwanzo linganisha kila jioni mauzo ya mfumo, risiti za EFD na pesa za droo na simu. Zisipolingana tafuta usiku uleule, ukiziacha zikalala zinazaana. Kompyuta ya zamani usiiuze wala usiifute, izime, ifunge kwenye boksi uandike tarehe na paswedi yake uipe mtu wa kuaminika nyumbani, maana mwezi wa tatu mteja atakuja na risiti ya Novemba anataka kubadilishiwa feni.